Jinsi Haraka Alivyouteka Mti wa Maua

Sogeeni, nyinyi mliokaa na nyinyi mnaopita tu, zimeni redio, maana nasimulia vita ambavyo hata waliokuwepo hawakujua kuwa ni vita. Namsimulia Haraka, simba wa karakana ya makochi, mfagiaji wa vitambaa, mtoro wa darasani, aliyeitazama cherehani ya mjomba wake kama mfalme aliyenyimwa kiti, haruhusiwi hata kuipangusa.

Asubuhi hiyo mjomba alitamka hukumu. "Nishonee mto mmoja kwa mkono, mwanzo hadi mwisho. Ukifaa, unakaa kwenye cherehani. Usipofaa, unarudi kwa baba yako ukamshikie mabomba." Akaenda zake kupima makochi ya mteja.

Haraka, ambaye kwake kushika mabomba ya baba fundi bomba ni kuzikwa wima, alitwaa sindano kama mkuki akashona pande tatu zikanyooka. Alipofika kwenye kujaza, gunia la sufi lilikuwa tupu. Shujaa mwingine angesubiri. Huyu hawakumwita Haraka bure.

Mbele ya karakana ulisimama mti mrefu wa maua ya rangi ya waridi, wa kijani masika na kiangazi, uliojaa matunda makavu ya kahawia. Haraka alipasua moja lililodondoka, akaona nywele ndani.

"Sufi ya bure," akatangaza.

Kaka Misumari, fundi wa fremu, alitoa misumari mdomoni. "Mdogo wangu, huo si msufi."

"Una matunda, na matunda yana nywele. Unataka uwe na nini tena, cheti?"

"Haya, mkubwa. Mimi nipo hapa hapa." Misumari ikarudi mdomoni.

Basi akavua shati akalifanya gunia, akapanda kifua wazi kama mteka ngome, akateka matunda, akashuka, akayapasua kwa mikono mitupu, akajaza mto, akaanza kuufunga upande wa nne. Ndipo mti ukajibu. Vile vinywele, vikali kama vioo, vilimvamia shingoni, kwapani, na kule ambako shujaa hajikuni mbele za watu. Akajipangusa kwa shati. Shati lile lile. Adui akapata jeshi la akiba.

Alimaliza upande ule akicheza bila ngoma, na mara mjomba huyo mlangoni, amechoka. Aliupokea mto, akauweka kwenye kiti, akageuka ili akae.

Jamani, hapo ulimi wa Haraka ulikuwa mzito kuliko nyundo. Akisema, mabomba. Akinyamaza, makalio ya mjomba.

"Mjomba, usikalie," alisema. "Mshono ni wangu na ujinga uliomo ndani ni wangu. Nimejaza matunda ya ule mti wa nje. Ukikaa hapo, hutakaa tena leo."

Kaka Misumari alicheka mpaka msumari ukamdondoka.

Mjomba alisimama, akautazama mti, akamtazama mpwa wake. "Huo na msufi ni ndugu, kweli. Hata mimi na wewe ni ndugu."

Akaushika mto kwa ncha za vidole, akaugeuza polepole, na Haraka akakunja ngumi asijikune.

"Hizi pande tatu ulishona lini?"

"Kabla sijawashwa."

"Inaonekana. Huu wa nne umelewa. Fumua huo tu, ukamwage hayo mbali na watu, ukaoge. Nitaleta sufi ujaze."

"Halafu nifunge tena kwa mkono?"

"Kwa mkono upi, huo unaokimbilia kwapani? Funga kwa cherehani."

Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku hiyo, kabla jua halijazama, Haraka mshindi wa pande tatu alikaa kwenye kiti cha enzi, akakanyaga pedeli, akashona upande mmoja wa mto mmoja, akisimama kila baada ya mshono wa urefu wa kidole ili ajikune. Mti ulizidi kuchanua huko nje, hauna habari naye.