Sauti ya Baba na Kamera Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Daktari amesema Ijumaa. Wataondoa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, pamoja na uvimbe, na sauti ya Baba itakwenda nayo. Baba akauliza kama ataweza kupiga mluzi. Daktari akatazama dirishani.
Nimekata shauri: nitamrekodi akisimulia maisha yake yote. Dada akatoa simu yake papo hapo. Kioo kimepasuka! Nikamwambia Baba harekodiwi kama ajali ya barabarani.

Jumanne, 5 Machi
Nimemlaghai mwenye duka la kamera. Nimejitia mpiga picha za harusi, nanunulia kampuni nzima. Akaniazima tatu nizijaribu nyumbani, akabaki na kitambulisho changu.
Ya mfukoni: nyepesi, lakini Baba anasikika kama yumo ndani ya debe. Kubwa ya kubadilisha lenzi: picha inatia machozi, kila unywele wa ndevu unaonekana, ila lenzi inanguruma na kamera inajizima katikati ya neno. Kamera ya video: picha ya kawaida, lakini inarekodi mpaka uchoke mwenyewe, na ina tundu la maikrofoni.
Nikamwomba Baba aseme chochote, majaribio tu. Akasimulia alivyomposa Mama akakataliwa, akarudi na shati la kuazima. Sikuwahi kuisikia hiyo. Dada alilia. Nyuma ya sauti ya Baba friji ilivuma. Nimefuta.

Jumatano, 6 Machi
Nimechagua kamera ya video. Nimezima friji. Maziwa yameharibika, Mama hasemi nami.
Baba ameimba wimbo aliokuwa akituimbia tukiugua. Kivuli cha pazia kilimkata kidevu. Nimefuta, kadi lazima iwe safi kwa ajili ya ile yenyewe. Baba, sauti ikimkwaruza, akauliza ile yenyewe ni lini. Nikasema kesho asubuhi, mwanga ukiwa laini. Akasema haya, bosi.

Alhamisi, 7 Machi
Kitanda kimepatikana mapema. Hospitali wamepiga simu hata chai hatujanywa. Kwenye teksi nikamwomba Baba aseme kitu, lolote. Kamera ikazima: betri. Baba akacheka sana. Kicheko chake cha mwisho kimebaki kwenye gari la watu.

Jumatatu, 11 Machi
Ana bomba shingoni. Ameandika kwenye kibao: nionyeshe ile ya shati. Nikamwambia fundi bado anaisafisha. Akanipigia saluti.
Mwenye duka amechukua kamera zake na kuniita jina nisiloweza kuliandika hapa.
Kwenye korido Dada akanipa simu yake. Baba yumo, mzima, nyuma ya ufa wa kioo. Anasema: "Zima hiyo, mwanangu. Mdogo wako analeta kamera ya maana."
Basi. Hiyo ndiyo sauti yote tuliyo nayo.

Jumamosi, 16 Machi
Baba yuko nyumbani. Nilimwomba Dada simu, akanipa kwa shingo upande. Baba akakaa mlangoni, akakunja midomo apige mluzi. Hakuna kilichotoka. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kucheka, mabega yanatikisika, kimya kabisa. Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu maziwa. Nimenasa yote.
Ila jua lilikuwa nyuma yake, uso umeingia giza kidogo. Nimefuta. Kesho nitaazima kamera ya kueleweka, turekodi ile yenyewe.