Meneja na Zulia la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nina mbwa! Wangu mwenyewe! Mteja mmoja alikuja jana kuchukua kaptura yake, kwenye kikapu cha baiskeli ana watoto wa mbwa watatu. Nikachagua mmoja kabla hatujamaliza kusalimiana. Wa kahawia. Sikio moja limesimama, jingine limekata tamaa. Nimempa jina Meneja, kwa kuwa alipoingia tu kwenye chumba changu cha kushonea alizunguka kukagua kila kitu, kisha akalala.

Leo saa mbili asubuhi Meneja akakojoa juu ya zulia la sebuleni. Si zulia hivi hivi. La kijani, zito, zawadi ya mama mkwe. Mimi mwenyewe nalivuka kwa ncha za vidole. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu na hapigi kelele. Alisema tu kwamba mama mkwe anakuja Jumapili kujaribu gauni ninalomshonea, na kwamba zulia likiguswa tena, hata na tone moja, Meneja anahamia kwa shemeji.

Kwa shemeji! Kaka yake mke wangu! Mtu ambaye mbwa wake anatoa mkono kusalimia wageni, na ambaye tangu siku ya posa ananitazama kama kitambaa chenye kasoro. Meneja amelala juu ya mguu wangu ninapoandika. Simtoi. Nina siku sita. Kwa akili zangu, mbili zinatosha.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango wa kwanza: kuonyesha mfano. Mke wangu alipokwenda shule nikamtoa Meneja nyuma ya nyumba. Nikapiga magoti, mkono mmoja chini, nikainua mguu kwenye mpera, na kwa mkono uliobaki nikamimina maji kutoka kwenye birika. Kazi ya ustadi! Nilirudia mara nne ili aelewe.

Mara ya nne nikainua macho. Jirani yetu Afande, askari mstaafu, amesimama upande wa pili wa ukuta, mswaki mdomoni. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia pale pale, mguu bado uko juu. Akaitikia marahaba. Akauliza kama mke wangu yupo. Nikasema yuko kazini. Akasema basi atarudi akiwepo.

Meneja alilamba maji yote ya mfano, akaingia ndani mbio, akakojoa kwenye kiatu changu. Kiatu si zulia! Sheria haijavunjwa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Afande alirudi kweli. Mke wangu amenitazama mezani muda mrefu, akaniongezea chakula.

Mpango wa pili, na huu ni wa kisayansi: magazeti. Fundi cherehani hakosi magazeti ya zamani. Ndiyo ninayokatia vipimo vya nguo kabla ya kugusa kitambaa. Nikatandaza chumba kizima. Akikojoa juu ya gazeti, kipande cha soseji. Akikojoa pengine, namnunia. Kufikia saa sita ameelewa! Kufikia saa tisa analitafuta gazeti mwenyewe, analizunguka mara tatu, ananitazama, kazi! Anapenda zaidi ukurasa wa michezo. Nilimbeba tukacheza chumba kizima mpaka nikagonga cherehani kwa kiwiko.

Nikampigia simu shemeji kumpa habari. Akasema tusubiri Jumapili, na kwamba kibanda cha Meneja ameshakiandaa. Kibanda! Roho gani hiyo?

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Ajali ndogo. Nilikuwa nimetandaza chini vipimo vya gauni la mama mkwe, vyote vya magazeti, kama kawaida yangu. Meneja akaingia. Akazunguka mara tatu. Mkono wa kushoto wa gauni, chapa!

Ningemgombeza vipi? Alifanya kama nilivyomfundisha. Nikampa soseji. Kisha nikaikausha karatasi kwa pasi. Ikajikunja kidogo. Kidogo tu. Nikaikatia kitambaa hivyo hivyo.

Soseji zimekwisha. Mke wangu ameuliza zimekwenda wapi. Nikasema siku hizi njaa inanisumbua. Akasema Afande naye ameulizia afya yangu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Zulia kavu tangu Jumatatu! Mke wangu ameuliza kwa nini nisimtoe tu nje kila akimaliza kula na kila akiamka, kama watu wengine. Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo ni njia ya watu wasio na mpango.

Lakini mchana nilimkuta Meneja amelala kwenye kikapu cha vitambaa, lile sikio lililokata tamaa limemfunika jicho, nikakikumbuka kile kibanda. Machozi yakanitoka. Mtu mzima, futi ya kupimia shingoni, nalia. Nampenda huyu mbwa, basi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Siku gani hii!

Asubuhi nilitandaza gazeti jipya, la leo leo, karibu na mlango wa sebule. Ukurasa wa michezo juu. Wageni wakafika saa nne, mama mkwe na shemeji. Nikampokea mama mkwe mkoba, nikamwamkia mara mbili kwa wasiwasi, nikampeleka chumbani akavae gauni. Narudi sebuleni, gazeti hakuna. Shemeji ameliokota! Amekaa kwenye kochi, amelifungua mapajani, anasema afadhali siku hizi tunawaandalia wageni kitu cha kusoma.

Meneja akaamka. Akaenda mlangoni. Akanusa huku, akanusa kule. Akaliona. Akajivuta mpaka juu ya kochi, akapanda mapajani kwa shemeji, akazunguka mara moja. Mara mbili. Shemeji akatabasamu, akamwambia dada yake atazame jinsi mbwa wanavyomjua mtu anayewaelewa.

Mara tatu.

Kelele za shemeji zilimtoa mama mkwe chumbani mbio akiwa na gauni lake, mkono wa kulia umefika kwenye kiganja, wa kushoto umeishia kwenye kiwiko. Akaitazama suruali ya mwanawe. Nikafumba macho. Nikasikia kicheko! Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Akasema huyu anayepiga kelele, godoro lake lilianikwa juani kila asubuhi mpaka darasa la tatu, na hakuna aliyemhamishia kwa jirani. Mke wangu akashika ukuta, mbavu hana. Kisha akapiga magoti, akapapasa zulia lote kwa kiganja. Kavu! Suruali imepokea yote. Akasema hesabu ni hesabu, Meneja anabaki, ila sheria ya zulia iko pale pale.

Shemeji ameondoka na suruali ya Afande, iliyokuwa imeletwa kupunguzwa. Mama mkwe ameuliza nusu ya mkono wake iko wapi, nikasema ni mtindo. Akaniapisha: marufuku magazeti sakafuni, mbwa ajisaidie kwenye nyasi. Nyasi tu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimeapa, na mimi ni mtu wa neno langu. Magazeti yote nimeyafungia kabatini. Nyasi tu!

Tatizo ni kutoka. Kila akila, nje. Kila akiamka, nje. Mara sita kabla ya saa nne, na Afande yuko ukutani na mswaki wake, haondoki. Cherehani limelala. Ndipo wazo likanijia, nikashangaa lilikuwa wapi wiki nzima. Kwani lazima sisi tuzifuate nyasi?

Nimeng'oa nyasi pamoja na udongo wake, nikajaza sinia kubwa, nikaliweka sebuleni, ubavuni kabisa mwa zulia. Soseji mpya zipo. Tumefanya mazoezi mara tano, mara tano amefaulu! Mke wangu akirudi atashika mdomo.

Sasa hivi Meneja ameketi analitazama sinia. Sasa analitazama zulia. Sasa sinia tena. Ameinuka, anazunguka. Anafikiri! Sijapata kuona mbwa mwenye akili kiasi hiki.