Viti Viwili, Milango Minne

Jumatatu, 11 Februari 1974

Petroli imepanda tena. Redio inasema sababu ni vita vya mbali. Kijani hasikilizi redio. Anakunywa vilevile kama zamani. Leo nimepanda naye kutoka dukani hadi nyumbani hapa Nyanchwa, mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muwa, na mshale wa tangi ukainama kama mtu anayesinzia kanisani.

Kijani ni gari langu. Gari la mbio, la Kiingereza, rangi ya majani mabichi ya chai, paa la turubai, viti viwili. Nilimnunua kwa meneja mmoja wa Kericho aliyekuwa anarudi kwao. Watu hudhani nampenda kwa sababu ya kasi. Nampenda kwa sababu ya viti. Miaka mitatu sasa sijabeba gunia la mtu, bibi harusi wa mtu, wala mgonjwa wa mtu. Nawaambia: ningependa sana, ndugu yangu, lakini ona mwenyewe: viti viwili!

Jioni Orpah, mke wangu, akanikalisha. Mama yake ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Juzi alisalimia nguzo ya boma akaiuliza habari za watoto. Sasa daktari wa macho anakuja Kisii kutoka Nairobi, Alhamisi ya wiki ijayo, siku moja tu. Orodha inafungwa saa sita mchana. Akikosa, ni mpaka mwaka ujao, na mwaka ujao huenda hakuna jicho la kutibu. Mama atafikaje kutoka Magwagwa?

Nikasema, viti viwili.

Orpah akasema ndicho hasa anachozungumzia. Mimi na mama yake bega kwa bega? Ensoni, ile haya ya wakwe, itakwenda wapi? Kweli. Sisi Abagusii mtu hamgusi mama mkwe mkono, hamtazami usoni, hata jina lake silitaji humu daftarini. Ndani ya Kijani goti la abiria na gia ni majirani. Haiwezekani.

Basi, akasema, Okemwa atampeleka na Peugeot yake.

Okemwa! Mume wa Nyanchera, mdogo wake Orpah, mwanyumba wangu, karani wa kununua majani ya chai kule Nyaramba. Akimpeleka Mkwe, hadithi hiyo ataila mpaka meno yamtoke. Nikasikia mdomo wangu ukisema nitampeleka mimi.

Jumatano, 13 Februari

Nina mpango. Obiero wa posta ana Datsun SSS nyeupe. Milango minne, viti vitano, inakunywa kama ndege. Na chini ya boneti, karabureta mbili! Nje ni gari la shemasi, ndani ni gari la mashindano ya Safari ya Pasaka. Nitaonekana mnyenyekevu, na mlimani nitamla Okemwa mzimamzima.

Obiero amemtamani Kijani tangu siku ya kwanza. Nilimwendea dirishani, nikajifanya nanunua stempu. Nikasema nimechoka na anasa. Akanitazama juu ya miwani. Akasema kwa Kijaluo chake, omera, ndugu yangu, mtu anayechoka na anasa haji kuieleza foleni nzima ya posta. Hata hivyo tukakubaliana: tubadilishane, na yeye aongeze kidogo juu.

Ijumaa, 15 Februari

Tumebadilishana. Kidogo cha juu Orpah alikipokea kabla hakijafika mkononi mwangu. Cha macho ya mama, akasema.

Obiero ni mrefu kama mlingoti. Aliingia ndani ya Kijani kwa vipande, mguu, mguu, kichwa. Magoti yakawa karibu na masikio. Akaondoka akicheka. Nikasimama barabarani mpaka mngurumo ukaisha. Vumbi liliingia machoni. Orpah akasema leo asubuhi mvua ilinyesha, Baba Kemunto, vumbi gani?

Jumamosi, 16 Februari. Sabato

Msiba! Sikufikiria milango.

Nilifika kanisani na milango minne, nikarudi na watu saba. Njiani nikashusha wazee wawili, mama mmoja na kwaya ya sauti ya tatu. Mchungaji amenishukuru mbele ya waumini wote kwa gari ambalo Bwana ametupatia. Ametupatia! Tayari nimeandikiwa harusi moja Nyaramba na mtu wa kurudishwa shule na godoro lake.

Okemwa alikuwepo. Alinizungukia gari mara mbili, mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe. Akasema kumbe mwanyumba umekua, sasa unaendesha gari la watu wazima. Kisha akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama nimeshatafuta pazia.

Yeye katika Peugeot amefunga kanga kati ya viti vya mbele na vya nyuma, kwa ajili ya Mkwe. Ya maua, tena. Nikamwambia mimi sivalishi gari nguo. Watu wakacheka. Nilishinda hapo, nadhani.

Jumatano, 20 Februari

Kesho ndiyo siku. Leo nimeosha gari, nimejaza matairi upepo, kisha nikakaa kwenye usukani kufanya mazoezi ya kutomtazama Mkwe. Nikainua macho. Nani yule nyuma? Orpah, anafagia viti. Namwona usoni kabisa, hadi kile kidoti cha shavuni!

Kioo! Kile kidogo cha katikati, cha kuonea nyuma. Mkwe atakaa pale pale, na mimi nitakuwa nimemkodolea macho kutoka Magwagwa hadi Kisii. Okemwa alijua. Ndiyo maana ya pazia.

Kufunga kanga sasa? Nife kwanza. Nimefikiri chakula chote cha jioni. Jibu limekuja kwenye ndizi ya mwisho. Nimechukua leso yangu nyeupe ya mfukoni, nikakifunika kioo, nikafunga fundo nyuma. Safi. Heshima tupu, na hakuna ua hata moja.

Orpah akauliza nitaonaje kilicho nyuma. Nikamwambia nyuma hakuna kitu cha kuona. Huko tumeshapita.

Alhamisi, 21 Februari

Niandike kwa utaratibu.

Tulifika Magwagwa mapema. Nikageuka kutazama mgomba mpaka niliposikia Mkwe ameingia. Orpah akakaa naye nyuma, amshike mkono. Hatukusalimiana, yaani mimi na Mkwe tulisalimiana kupitia kwa Orpah, kama ipasavyo. Safari nzuri. Karabureta zikiimba.

Nyaramba Orpah akaomba tusimame kidogo amsalimie Nyanchera. Nikasimama mbele ya boma la Okemwa. Kwa heshima nikashuka wa kwanza, nikaenda nyuma ya ghala kutazama chai yake. Chai ya kawaida sana. Nikasikia milango ya nyuma ya gari. Pa! Pa! Wameingia. Nikarudi kichwa chini, nikakaa, macho mbele, nikaondoka. Okemwa akapiga kelele nyuma yangu. Kijicho hicho! Nikampigia honi mbili na kumwonyesha karabureta zinafanya nini.

Sijawahi kubeba abiria wasikivu namna ile. Nilimweleza Orpah habari zote za injini. Kimya. Nikaeleza nilivyoona mbali kumwacha Kijani kwa ajili ya mama. Kimya, lakini nikasikia mguno mdogo nyuma, wa kooni, wa mtu mzima aliyeridhika. Mkwe! Nilikaribia kulia. Kwenye kona za Nyamira nikapunguza mwendo kwa ajili yake, na akaguna tena. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, sasa ndipo tunaelewana.

Saa nne na nusu, hospitali ya Kisii. Nikasimama mlangoni, nikaelekeza uso ukutani, nikamwambia Orpah amteremshe mama taratibu, kuna ngazi. Kimya. Nikarudia kwa sauti ya ukali kidogo. Askari wa lango akasogea, akachungulia, akaniuliza kwa adabu, mzee, huyu kuku ndiye mgonjwa?

Niligeuka. Kiti cha nyuma: mkungu mmoja wa ndizi. Kuku mmoja, amefungwa miguu, ananitazama usoni bila ensoni yoyote.

Zawadi za Nyanchera! Okemwa alizipakia, akafunga milango. Pa, pa. Wanawake walikuwa bado ndani wanakunywa uji.

Nikageuza gari. Saa moja kwenda, saa moja kurudi, na orodha inafungwa saa sita. Nilijua hesabu haitoshi, nikakanyaga hivyo hivyo. Macho ya mama wa watu! Nilimwona akisalimia ile nguzo mpaka mwisho wa maisha yake, kwa sababu yangu. Nilisali kwa sauti. Kuku akaguna.

Mbele kidogo ya Nyamira, Peugeot inakuja. Okemwa! Anawasha taa, anazima, anapiga honi, na mkono unapunga kanga dirishani. Leo pia ananichokoza? Siku kama hii? Nikakanyaga mpaka mwisho. Nilimshinda kwa mbali mno. Tulikuwa tunakwenda pande mbili tofauti, lakini hata hivyo.

Nyaramba, Nyanchera alikuwa mlangoni peke yake. Akaniuliza, shemeji, umerudisha kuku?

Ndipo nikaelewa ile kanga.

Nilifika hospitali mara ya pili saa saba kasoro. Orpah alikuwa kwenye benchi, mikono kifuani. Mama yake aliingia wa mwisho kwenye orodha, dakika kumi kabla ya kufungwa. Okemwa aliendesha ile Peugeot, gari la kubebea magunia, kama mwizi. Hadi jioni hii Mkwe ameshapasuliwa jicho la kulia. La kushoto watalifanya wakati mwingine.

Nilikaa kwenye benchi hilohilo, mbali kidogo. Orpah akaenda garini, akarudi akanisogezea ndizi mbivu. Ilitoka kwenye ule mkungu.

Jumamosi, 23 Februari. Sabato

Okemwa hakusema lolote kanisani. Lolote! Alinipa mkono tu, akaguna kooni, polepole, kama kuku. Nusu ya kwaya ikatoka nje kucheka. Kumbe askari wa lango ni mpwa wa mpiga kinanda.

Nilimshukuru Okemwa hata hivyo, nyuma ya kanisa, bila watu. Alishika kofia yake akaigeuzageuza. Akasema, mwanyumba, hata mimi nililiacha lile pazia nyumbani siku ya kwanza nilipombeba. Niliendesha kutoka Magwagwa nimefumba jicho moja. Sasa sijui kama ananifariji au ananizidi hata katika ujinga.

Wazee wa Magwagwa wamekaa. Hapajawahi kutokea mtu kumsahau mkwe njiani, kwa hiyo hapakuwa na adhabu. Wameitafuta wakaipata. Mbuzi.

Jumapili, 3 Machi

Leo wamemfungua bandeji na kumpa miwani mizito kama chini ya chupa. Anaona! Alihesabu vidole vya Orpah, kisha matundu ya dari, kisha akamwambia muuguzi ana kifungo kimelegea. Orpah akalia. Mimi nilikuwa nje, nimejificha nyuma ya mti wa mkalitusi, ambao ni mwembamba kuliko mimi.

Mkwe akachungulia dirishani. Akamuuliza Orpah, yule aliye pande zote mbili za mti ndiye yeye? Akaambiwa ndiye. Akasema, kumbe. Kwa ule mngurumo wa gari lake la kijani nilidhani ni mtu mrefu.

Kisha akatuma neno kwamba ameshanisamehe, mbuzi awe dume, na kuanzia sasa angependa kuja kusali Nyanchwa kila Sabato, maana anataka kuona ulimwengu wakati bado upo. Atakuja na mkwe wake mwenye gari. Orpah akamuuliza yupi. Akasema huyu wa kuku. Yule mwingine na kanga yake haonyeshi kitu.

Mimi! Kila Sabato! Nilikaa chini ya mti nikatulia, moyo mweupe kabisa. Ndipo nikaona tatizo lote lilikuwa wapi. Halikuwa kwangu. Ni milango minne. Gari lenye viti vingi halikuambii nani hayupo. Kwenye viti viwili, mtu akikosekana unamjua mara moja.

Na Obiero naye, nimemkuta posta juzi, anatembea kwa kuinama kama anatafuta shilingi. Mgongo, omera, mgongo. Anataka Datsun yake.

Ensoni nimeshaitatua. Nimemchorea fundi Owino kwenye karatasi ya duka. Kiti kidogo cha chuma juu ya buti ya Kijani, mkanda wa ngozi, kinatazama nyuma. Mkwe atatazama tulikotoka, mimi nitatazama tunakokwenda, na Orpah atakaa kando yangu. Hatutaonana hata tukitaka. Owino aliitazama ile picha muda mrefu, akauliza kama mama mwenyewe ameshaambiwa. Nikamwambia ni zawadi, anataka kuona ulimwengu.

Kesho asubuhi naenda posta kumchukua Kijani. Kioo nitakiondoa kabisa. Ya nyuma atatuonea yeye, na sasa ana macho.