Nitakuwa Nimeshashinda

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Tangazo limebandikwa ubaoni kiwandani. Wanatafuta mtu wa kutembeza wageni, wanunuzi wa chai kutoka ng'ambo wanaotaka kuona jani linavyosafiri toka shambani hadi kwenye pakiti. Atavaa koti jeupe. Atakuwa na kiti ofisini. Mimi, Kipngeno, karani wa mizani, nimepima majani chai kwenye kituo chetu nje ya Litein kwa miaka kumi na tisa, mvua ikinipiga toka upande wa kushoto. Koti hilo ni langu.

Tatizo ni moja. Usaili ni Jumamosi, na ni kwa Kiingereza. Si kile cha kusalimiana! Mwalimu Beldina, aliyestaafu mwaka jana, amejitolea kutunoa kila alasiri kanisani. Anasema wageni watauliza jani lilikuwa limefanyiwa nini kabla ya kukaushwa, na kufikia jioni litakuwa limefanyiwa nini. Kwa hiyo wiki nzima ni "had" na "will have".

Tuko wanafunzi wawili. Mwingine ni Gordon Okeyo, fundi wa mashine ya kukausha. Watu wake ni wa upande wa ziwani, lakini yeye amekulia hapahapa, nyumba za kiwanda. Amefunika daftari lake kwa gazeti. Mtu mzima! Simhofu.

Jumanne, 9 Septemba

Leo tulifanya "had". Mwalimu alitaka kila mtu aseme jambo lililokuwa limeshatendeka kabla ya jambo lingine. Gordon akasema alikuwa amepaka mashine mafuta kabla ya kengele kulia. Kawaida tu.

Nikasimama. Nikasema, "Before my wife came home, I had eaten the chicken."

Mwalimu akapiga makofi. Nikamwangalia Gordon. Gordon akaangalia mlangoni. Nikageuka. Mke wangu, Chepchumba, alikuwa amesimama pale na sweta niliyoisahau nyumbani.

Yule kuku alikuwa wa kumpikia mama yake, aliyetutembelea mwezi jana. Nilikuwa nimesema amechukuliwa na mwewe. Tena nilisahau kwamba Chepchumba alimaliza kidato cha nne na mimi niliishia cha pili.

Akaniwekea sweta begani, polepole. "Kumbe mwewe ni wewe, Baba Chebet."

Gordon alikohoa kwa muda mrefu. Hakuwa na kikohozi.

Nimeelewa sasa. "Had" ni ya kuungama. Nitaweka nguvu kwenye "will have", ambayo haijafanya kosa bado.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi nilifanya mazoezi nyumbani kwa sauti. Kufikia saa kumi na moja nitakuwa nimeshakamua ng'ombe. Kufikia kesho nitakuwa nimeshakata nepia, nyasi za ng'ombe. Kufikia Ijumaa nitakuwa nimeshatengeneza ua. Zote kwa Kiingereza, zote safi.

Chepchumba alikuwa jikoni na kalamu. Ameziandika kwenye kalenda!

Nikamweleza kwamba hayo ni mazoezi tu. Akasema vizuri, basi nifanye mazoezi.

Ilipofika saa kumi na moja jioni akanikabidhi ndoo. Ng'ombe wetu hajazoea mikono yangu. Alingoja ndoo ikaribie kujaa ndipo akaipiga teke. Chepchumba akatazama maziwa yakiingia matopeni, akasema sentensi ilikuwa ya kukamua, haikusema chochote kuhusu kufikisha jikoni. Nadhani ulikuwa utani. Hakucheka.

Alhamisi, 11 Septemba

Nepia nimekata. Mgongo unauma.

Gordon anaendelea kuwa hodari. Sipendi. Nikamvizia kabla ya darasa, nikamwambia kwa siri, kama ndugu, kwamba Waingereza wenyewe siku hizi husema "will have went". "Gone" imezeeka, inatumiwa na wazee tu. Akanishukuru. Akaandika. Akapigia mstari!

Darasa lilipoanza akanyoosha mkono akaisema sentensi yote. Mwalimu Beldina akavua miwani.

"Gordon, hiyo umeitoa wapi?"

"Karani amenifunza, Mwalimu. Ni ya kisasa."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani ananisifu. Mwalimu akaniita mbele niandike ubaoni ile ya kisasa, na chini yake ile ya wazee. Ya kisasa niliipata. Ya wazee nikaandika "will has go".

Mwalimu akasema kwa miaka thelathini na mbili hajawahi kuona makosa mawili yakikaa starehe hivyo kwenye maneno matatu. Sasa nakaa dawati la mbele.

Ijumaa, 12 Septemba

Ua umekwisha. Waya umenichana vidole viwili.

Lakini nimepata njia! Usaili utafanyiwa nje, alasiri, mtu akimtembeza meneja toka mahali pa kupokelea majani hadi kwenye mashine. Na hapa kwetu mvua haikosi alasiri. Nimechukua mwavuli mkubwa mweusi na chaki, nikaandika ndani yake vitenzi vyote nilivyovikuta nyuma ya kitabu cha zamani cha Chebet, binti yetu. Nitamkinga meneja kiungwana, huku nasoma juu. Mtu akitazama mbinguni huonekana anafikiri.

Chepchumba aliniuliza kwa nini nimeketi sebuleni chini ya mwavuli. Nikasema naukagua kama unavuja.

Jumamosi, 13 Septemba

Usaili umehamishiwa saa tatu asubuhi. Jua kali. Hakuna hata wingu la kuazima.

Nikafungua mwavuli hata hivyo. Meneja, Madam Phyllis, akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ngozi yangu haipatani na jua. Miaka kumi na tisa kwenye mizani na sikuwahi kulalamika.

Akauliza jani lilikuwa limefanyiwa nini kabla ya kufika kwenye mashine ya kukausha. Swali la bure! Ningeulizwa kwa Kiswahili, ningejibu nikiwa usingizini. Linanyaushwa, linasagwa, linaachwa libadilike rangi. Lakini macho yalikuwa yameshapanda juu, na kule juu hapakuwa na vitenzi vya chai. Nikasoma nilichokiona. Nikamwambia kwamba jani lilikuwa limekula, lilikuwa limelala, na lilikuwa limeolewa.

Madam Phyllis akaingia chini ya mwavuli. Akatazama juu. Akasoma kwa muda.

Akauliza nani ameandika. Na hapo, sijui ilitoka wapi, nikasema, "My daughter had written it before I woke up."

Sawasawa kabisa! Sentensi yangu ya kwanza isiyo na kosa mbele ya watu tangu ile ya kuku, na ilikuwa uongo.

"Chebet si yuko Eldoret, anasomea unesi?" akasema Madam Phyllis, sasa kwa Kiswahili. "Na huu mwandiko, Karani, mimi nauona kila siku kwenye stakabadhi za kituo chako."

Nikafunga mwavuli. Chaki yote ikanimwagikia kichwani.

Nilijificha nyuma ya lori la majani nimsikilize Gordon. Aliulizwa juu ya kosa alilowahi kulifanya. Akasimulia jinsi alivyokuwa amefundishwa vibaya, jinsi alivyokuwa ameamini, na jinsi Mwalimu alivyokuwa amemrekebisha kabla hajafika mbele ya meneja. "Had" baada ya "had", zote zimenyooka. Alipoulizwa nani alimfundisha vibaya, alisema ni rafiki.

Jina hakulitaja. Nilisimama pale nyuma ya lori. Ingekuwa afadhali angelitaja.

Jumatatu, 15 Septemba

Gordon amepata koti. Linamkaa vizuri, lazima niseme. Amekuja kituoni nalo saa nne, akanipa mkono mbele ya wakulima wote. Akasema Mwalimu Beldina anaendelea na darasa hadi Desemba, twende pamoja, hata yeye bado anahitaji. Nikaona anamaanisha. Kwa dakika nzima nilikaribia kukubali.

Nikamwambia nina shughuli.

Na kweli ninayo! Jumapili kanisani kwetu kunakuja mhubiri mgeni wa Kiingereza, asiyejua neno la Kiswahili, na mkalimani wetu amekwenda Fort Ternan kwenye harusi. Nimejitolea. Mzee wa kanisa aliniuliza mara mbili kama kweli nitaweza. Nikamwambia nimetoka kwenye mafunzo wiki iliyopita, jambo ambalo si uongo.

Chepchumba ameniomba nifikirie tena. Hajui kwamba nimeshafikiria. Mahubiri yote ni mamoja, na sitahitaji hata kumsikiliza. Nitatazama mikono yake tu. Akiinua, ni mbinguni. Akielekeza chini, ni kule kwingine. Akipiga meza, ni sadaka.