Mizinga ya Timbwani

Wakazi wote wa Likoni walitangaziwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la serikali, kwamba mtaa wao umeingia katika ramani ya silaha duniani. Tangazo lilipita Timbwani asubuhi, watu wakiwa kwenye mahamri na mbaazi. Waliopisha gari walikubaliana kuwa jambo hilo ni kubwa, ila hawakujua kama ni la kushangiliwa au la kukimbiwa.

Bwana Maxwell Absalom, Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Utayari wa Kukaguliwa, alijua ni la kushangiliwa. Kwa miaka mingi idara yake ilikuwa tayari kukaguliwa, lakini haikuwa na chochote cha kukaguliwa. Sasa wakaguzi wa mkataba wa kupunguza silaha walikuwa njiani, na Mkurugenzi, Bwana Clifford, alikuwa amemwahidi kwamba ukaguzi ukipita salama, atapewa cheo cha kimataifa, tena cha kudumu. Maxwell alishanunua koti la baridi. Lilining'inia nyumbani kwake Mkomani, na kila akitoka kuoga alilijaribu mbele ya kioo huku akitiririka jasho.

Silaha zenyewe zilipatikana kwa simu. Bwana Clifford alilipigia ghala la serikali la Timbwani, ambalo lilikuwa halijaulizwa hali tangu liezekwe, akapokewa na mlinzi aitwaye Garama.

"Mna nini huko?"

"Hatuna kitu, mkubwa. Mahema mabovu, na mizinga."

"Mizinga! Mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Inafanya kazi?"

"Kila siku ya Mungu."

"Iko chini ya nani?"

"Kina mama wa Bi Dhahabu."

Bwana Clifford aliketi wima, kwa heshima. "Na imewahi kudhuru mtu?"

"Mwizi mmoja tu, mkubwa. Alitoka mbio mpaka kivukoni. Viatu vyake tunavyo hapa."

Siku hiyo hiyo Bwana Clifford akazitangazia nchi zote za mkataba, kwa saini yake mwenyewe, kwamba taifa lina mizinga kumi na miwili, imejaribiwa kwa adui, na kikosi chake ni cha wanawake.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Maxwell alivuka na feri, akaingia uani mwa ghala, akaiona hiyo mizinga. Yalikuwa magogo yaliyochongwa yakawa wazi ndani, yamefungwa kamba na kutundikwa kwenye mikorosho. Yalikuwa yakivuma. Nyuki mmoja alikuja kumtazama usoni, akaondoka bila kumpa heshima yoyote.

Mtu wa kawaida angepiga simu akasema jamani, tumekosea, hii ni mizinga ya nyuki. Maxwell hakuwa mtu wa kawaida, alikuwa mtumishi wa umma. Tangazo lilishapigwa muhuri, na kosa likishapigwa muhuri huitwa sera. Isitoshe, koti lilishanunuliwa. Akaagiza magogo yapakwe rangi ya kijani, yaelekezwe baharini, na wakazi wasio rasmi waondolewe humo kabla mgeni hajafika.

"Wakazi gani, mwanangu?" akauliza Bi Dhahabu, mwenyekiti wa kikundi, aliyekuja na leso zake mbili na kibuyu cha asali mkononi.

"Nyuki, mama. Gari la dawa litakuja kesho asubuhi."

Bi Dhahabu aliketi kwenye jiwe. Asali ile ndiyo iliyoweka uji mezani kwa watoto wa chekechea ya mtaa, wakiwemo wajukuu zake, na haikuwako njia nyingine. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha.

"Sikiza, mwanangu. Nyuki akitiwa dawa ndiyo basi. Na mzinga usio na nyuki ni gogo. Wataka kuwaonyesha wageni magogo?"

"Mama, hili ni suala la usalama wa taifa."

"Usalama wa hapa ni wao! Wallahi, tangu tuitundike hapajaibiwa hata msumari. Muulize Garama."

"Ni kweli, mkubwa," akasema Garama. "Mimi hulala vizuri sana."

Maxwell alitoa kitambaa, akapangusa kitu machoni. Angeweza kukiita huruma, lakini hakuwa na mamlaka hayo, kwa hiyo akakiita mafua. Agizo likabaki palepale.

Asubuhi iliyofuata gari la dawa lilikwama kwenye foleni ya feri. Mkaguzi hakukwama, kwa sababu alitoka uwanja wa ndege akapitia barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri. Maxwell, aliyejimwagia manukato mpaka kwenye soksi, alikuwa amejiandaa kumpokea Mzungu na kumweleza neno "mizinga" kwa namna itakayolifaa taifa. Akashuka mwanamke wa makamo, amevaa buibui na kitambulisho kifuani. Alikuwa Bi Jalila, Mpemba.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Bi Dhahabu kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwetu."

Kisha akainua macho kwenye mikorosho. "Ndiyo hii mizinga?"

Maxwell akapiga saluti, na bendi aliyoikodi ikapiga wimbo wa ushindi. Hapo ndipo nyuki walipotoka. Rangi ilikuwa bado mbichi inanuka, ngoma zilikuwa zikiwatingisha, na manukato ya Naibu Mkurugenzi yaliwaonyesha pa kuanzia. Bendi ilitawanyika bila amri. Tarumbeta kubwa kuliko yote liliishia katika shamba la muhogo, ng'ambo ya barabara.

"Mnanichomea picha mbele ya mgeni!" Maxwell aliwapigia nyuki kelele, akizunguka ghala kwa kasi ambayo idara yake haikuwahi kuiona.

Bi Jalila alisimama kimya bila kutikisika, kama wafanyavyo warina asali wa kwao Pemba. Bi Dhahabu akawasha makumbi ya nazi, akapitisha moshi polepole chini ya magogo, na uani pakatulia.

"Masafa yake," Bi Jalila alimwambia msaidizi wake, "andika: hadi shamba la muhogo." Kisha akamgeukia Maxwell, ambaye midomo yake ilikuwa imetangulia mbele ya uso. "Bwana, nakuuliza mara moja tu. Nchi yako imetangaza mizinga. Hii ni mizinga, au si mizinga?"

Maxwell akafikiri. Akisema si mizinga, taifa litakuwa limeudanganya ulimwengu, na koti litaishia mitumbani Kongowea. Akisema ni mizinga, hakuona hasara.

"Ni mizinga," alisema kwa taabu.

"Naam. Hata kwetu twaiita mizinga." Bi Jalila hakucheka. "Basi, kwa mujibu wa mkataba, mizinga iliyotangazwa haihamishwi, haibadilishwi, wala haitolewi kilichomo. Rangi ifutwe. Na aliyeithibitisha atakaa nayo hapa, awe mtunzaji wake kwa niaba ya dunia."

"Kwa muda gani?"

"Ni cheo cha kudumu."

"Na asali?" akauliza Bi Dhahabu.

"Asali haikutangazwa, bibi. Kuleni."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Dhahabu, na safari hii alilia kwa furaha.

Gari la dawa lilipovuka hatimaye, lilirudishwa kwa sheria ya kimataifa. Bwana Clifford naye alitimiza ahadi yake: Maxwell alipata cheo, kikiwa na kitanda cha kamba katika chumba cha mlinzi. Garama alimsogezea kitanda chake upande.

Mvua za masika zilipokwisha na mikorosho ikaanza kutoa maua, simu ya Maxwell ililia ghalani.

"Hali ya mizinga?" akauliza Bwana Clifford.

"Salama, bwana. Yote kumi na minne."

"Kumi na miwili!"

"Imezaa, bwana. Makundi mawili yaligawanyika, Bi Dhahabu akayachongea magogo. Nimeshawaarifu wakaguzi, kama mkataba unavyotaka. Wanasema nchi inaongeza silaha. Wamemwita aliyetia saini lile tangazo aende huko Ulaya akajieleze mbele ya nchi zote."

"Aliyetia saini ni mimi, Maxwell."

"Ndiyo, bwana. Na nasikia kuna baridi kali." Maxwell alipandisha zipu mpaka kidevuni, akachukua makumbi yake yanayofuka, akaanza kuelekea mikoroshoni. "Ningekuazima koti, bwana, lakini ndilo ninalovunia asali."