Mshale Unasema Limejaa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Anayeandika hapa ni mke wa mwanangu. Mimi kalamu siijui, nilichosomea ni sindano. Miaka arobaini nimeshona nguo za watu mpaka magoti yakagoma. Basi mimi nasema, mkwe anaandika, na nimemwambia aandike hata nikijikanyaga.

Habari ya leo ni ufunguo. Uani kwetu tuko nyumba sita, tangi la maji moja, limekaa juu ya nguzo kama bwana harusi. Ufunguo wa bomba ninao mimi toka zamani. Kazi ya mwenye ufunguo ni kupanda ngazi, kuchungulia, na maji yakifika nusu amwambie mtu wa pampu ajaze. Sasa ngazi siiwezi tena. Wiki mbili hizi nakisia tu. Wamejua. Jumapili wanakaa kikao, ufunguo uhamie kwa muuguzi mstaafu wa mlango wa tatu. Yule ana magoti ya mbuzi. Hupanda ngazi hata kuanika soksi.

Mtu atasema, si ufunguo tu. Haya, wewe asubuhi anakugongea nani? Mimi hunigongea nyumba tano, shikamoo mama, tunaomba maji. Ufunguo ukienda, atakayenigongea ni upepo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi redio, yule mwenye miwani iliyofungwa uzi. Uzi nilimpa mimi, lakini hayo tuyaache. Nikamwambia nataka nijue maji yamefika wapi nikiwa nimekaa kitini. Akasema dumu tupu litaelea tangini, litapanda na kushuka na maji, na kamba itashuka mpaka dirishani kwangu. Kinachobaki ni kidude cha kupima kamba imesogea kiasi gani, kisukume mshale.

Viko vya aina tatu. Kimoja hutuma sauti na kusikiliza ikirudi. Ghali. Marehemu mume wangu alikuwa hivyo, unamwita leo, anaitika kesho. Cha pili cha sumaku. Hakigusani na kitu, kinadumu. Bei ya kati. Cha tatu ni kitelezi, kile cha kusukuma juu na chini kwenye mashine za muziki kuongeza sauti. Ndani kimepakwa kitu cheusi cha kupitisha umeme wa kusukuma mshale, kimguu kinapita juu yake. Rahisi kuliko vyote. Ila kinaogopa vumbi, unyevu na mafuta.

Fundi akanishauri cha sumaku. Nikamuuliza kina kasoro gani. Akasema hakina, ni bei tu. Nikamwambia basi kasoro ndiyo hiyo.

Nimechukua kitelezi. Njiani nikakutana na yule niliyemshonea gauni la harusi, sasa ana wajukuu, tukasimama tukaongea mpaka nikasahau kitunguu. Mkwe anasema hilo la kitunguu halina maana. Kwake. Mimi nimekula mchuzi mtupu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Fundi kafunga kila kitu. Dumu tangini, kamba ukutani, kisanduku dirishani, kitelezi ndani yake, mshale juu. Muuguzi alikuja kushika ngazi bila kuombwa. Akaniuliza, dada, hicho nini? Nikamwambia redio. Akaitazama kamba toka juu mpaka chini, akasema redio nzuri.

Mshale umekaa palipoandikwa nusu. Nikamwita mtu wa pampu. Ukapanda, ukapanda, ukafika limejaa. Uani kote wamekuja kuangalia. Nimeita watu kama mwenye mtoto mchanga.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mshale unakwamakwama. Nikafungua kisanduku. Kitelezi kigumu, kinajivuta kama mtoto anayepelekwa kuoga. Sasa mimi kitu kigumu nakijua dawa yake. Cherehani yangu imekaa miaka arobaini kwa sababu ya ile chupa ya mafuta yenye mdomo mwembamba. Nimetia matone matatu. Manne. Kinateleza kama siagi.

Mkwe ananikumbusha alichosema fundi. Fundi ni wa redio. Mafuta najua mimi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mshale unasema limejaa. Asubuhi limejaa, mchana limejaa, na watu wamechota kutwa. Haijapata kutokea. Kumbe miaka yote tangi letu lilikosa mtu wa kulisimamia kitaalamu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Limejaa. Nimetangaza kila mtu afue, mablanketi, mapazia, mikeka, asibaki na uchafu wa kuendea kikaoni. Muuguzi akasema, dada, nipande nichungulie? Nikamwambia apumzishe magoti. Akacheka. Sijui alichochekea.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kikao kimekaa uani chini ya mablanketi yaliyoanikwa. Nikasimama kuwaeleza utaalamu wangu, nikaagiza chai kwa wote. Mkwe akafungua bomba. Likakohoa mara mbili kama mzee, likanyamaza.

Wote wakageuka kutazama mshale. Limejaa.

Muuguzi akapanda. Akasema dumu limelala chini, kavu, liko na mjusi. Fundi akaitwa, akafungua kisanduku, akanusa. Ule weusi umekuwa tope, mshale umeganda palepale. Akauliza nani katia mafuta. Nikamtazama mkwe. Mkwe anataka iandikwe kwamba si yeye. Aandike.

Nikautoa ufunguo shingoni, nikauweka mezani mwenyewe. Vikombe vya chai vilikaa pembeni, vikavu.

Muuguzi hakuuchukua. Akaenda kwenye kamba, akafunga kitambaa chekundu, akaanza kuchora chaki ukutani. Akasema kamba hii inapanda na kushuka na maji, kitambaa kikifika hapa limejaa, hapa nusu, hapa tupu. Tangu Jumatano alikuwa anasoma maji kwenye kamba yangu, ila niliposema redio akaona akinisahihisha nitanuna. Akasema yeye ufunguo wa kazi gani, anataka kulala asubuhi. Wakakubali wote, ukarudi shingoni kwangu. Nililia kidogo. Mkwe, futa hapo.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimegongewa tano, kama kawaida. Lakini wakishanisalimu wanatazama kitambaa, wanasema muuguzi ana akili. Kitambaa hakina mshale. Hakina hata waya.

Nimerudi kwa fundi. Kanitolea tena cha sumaku, kanisihi. Ila kile kitelezi kilikuwa na pacha wake kwenye mashine ileile ya muziki, na bei nusu. Nimekifunga mwenyewe saa hizi. Kizuri. Kigumu kidogo tu.

Mkwe, weka kalamu chini, niletee ile chupa.