Suti ya Harusi na Mlima wa Madale

Jumatatu, 3 Juni
Suti haifungi! Jumamosi mdogo wangu Brightson anaoa, na mie ndiye msimamizi wake. Mke wangu Eufrazia kavuta vifungo weee, kaishia kucheka. Kasema isipofunga ataivaa jirani yetu Kamugisha, mwembamba kama fito. Yule anatembeaga taratibu saa nzima kila asubuhi. Saa nzima! Mie nimesoma kwenye simu: ukifanya zoezi kali, hata la muda mfupi, mwili unaendelea kuunguza mafuta ukiwa umepumzika. Ukiwa umepumzika! Zoezi langu hilo.

Jumanne, 4 Juni
Nimepanda mlima wa Madale mbio. Nimempita Kamugisha kwa madaha. Kwenye kona nikaanguka majanini, hoi. Kanikuta hapo, kauliza kama nimedondosha kitu. Nimemjibu hii ndiyo sehemu ya pili ya zoezi. Mchana chipsi mayai, nikaongeza sahani. Si mafuta yanaungua?

Jumatano, 5 Juni
Miguu imegoma! Ngazi za ofisini nimeshuka kinyumenyume. Wateja wamenipigia makofi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimebadili mbinu. Taratibu, muda mrefu. Nimetembea na Kamugisha hadi Tegeta. Kumbe jamaa ana stori! Nimecheka njia nzima. Tukakutana na Munira, kocha wa klabu ya mbio za pole.

"Kaka Gervas," kaniambia, "kali au taratibu, vyote vinasaidia. La kali liwe fupi, la taratibu liwe refu. Ila ufanye wiki baada ya wiki, na usile zaidi ya ulichounguza."

Nimemwelewa vizuri sana: vyote vinasaidia. Tumerudi tukitafuna mishikaki.

Jumamosi, 8 Juni
IMEFUNGA! Na nafasi imebaki! Nimecheza singeli ukumbini mpaka Brightson kaniomba nimwachie bwana harusi naye aonekane. Eufrazia kaninong'oneza kwamba fundi Mashaka aliifumua suti mgongoni jana, akaongeza kitambaa. Maskini mke wangu. Sayansi inamshinda kuikubali.

Jumapili, 9 Juni
Wajomba wa bibi harusi, wote wenye vitambi, wameomba niwafundishe. Nimekubali papo hapo. Nimeagiza fulana yenye maandishi KOCHA mgongoni. Muuzaji kauliza saizi gani.

Nimemwambia ndogo.